Kifyatulio Kipya, Rushere

Kile cha zamani kilikuwa kama mlango wa stoo:
unavuta, unakwama, unavuta,
na swala yule wa Juni akaondoka na risasi tumboni.
Tulimfuata hadi alfajiri. Sitaki kusema zaidi.

Alichokisifu Bangirana hulipuka ukikipumulia.
Nikakiacha dukani.
Kidole changu kinahitaji nafasi ya kughairi.

Hiki, basi. Pini mbili, msumari, nyundo ya fundi viatu.
Springi ikaruka, ikazama ndani ya unga wa ulezi;
Kyomukama akauchekecha bila neno.
Nikapima kwa mizani ya bucha: kilo moja na nusu.

Chemba tupu. Nimekagua mara tatu.
Shilingi mia tano juu ya mtutu, upande wa korongo.
Navuta.
Ta.

Ndege hajaruka.