Chaza wa Mikindani

Somoe Nachinuku haokoti tena chaza wa kitoweo.
Anaokota wa maabara: ishirini kila bamvua,
mfuko, tarehe, penseli, maana wino huogopa maji.

"Huyu hasemi," alimwambia kijana wa chuo,
"lakini akinywa hatemi."

Risasi. Zebaki. Kadimi.
Wageni walioingia bila hodi
wakajilaza ndani ya nyama laini.

Leo kijana kaja na karatasi, namba tupu,
anaeleza kwa kidole, polepole, kama anayeomba radhi.
Somoe anakwangua matope kisuni.

"Na wale wa chini ya gati, mwaka juzi,
niliowala kwa nazi
nikiwa na mimba ya Mfaume,
nao mliwapima?"

Kijana anaitazama ndoo.
Maji yanajaa, yanawafika vifundoni.