Ngozi na Moshi

Kanyere amenifungulia kichupa pale Birere,
kimefika kwa ndege, lebo imekwaruzwa.
"Ngozi na moshi," anasema. "Dola arobaini."
Tone moja, kwenye kifundo cha mkono.

Dakika ya kwanza: mpira wa chukudu unaoungua.
Nikakunja pua, nikaandika kwenye daftari:
nane juu ya ishirini.

Hapo mama mmoja mwenye beseni la sambaza
akasimama, akanusa hewa,
akageuka kutazama mlima.
Muuza vocha naye akageuka.
Hata mimi niligeuka,
mimi niliyeubeba moshi wenyewe.
Mlima ulikuwa umejitanda wingu, kimya.

Hapa kwetu hakuna moshi usioulizwa.

Nikauacha mkono upoe. Manukato ni mgeni,
humhukumu akiwa bado mlangoni.
Saa moja baadaye, nikikanyaga mawe meusi ya Majengo,
mpira ulikuwa umekwenda zake. Ikabaki ngozi:
mkoba wa baba,
uliokaa miaka yote nyuma ya jiko la makala,
vyeti vyetu vyote ndani, tayari kwa kukimbia.
Januari ile tulivuka nao mpaka
ukinuka hivihivi, masizi, jasho,
dawa ya viatu.

Nikaifuta ile nane.
Sikuandika namba nyingine.

Usiku mke wangu alininusa shingoni, akakawia.
"Umetoka wapi?"
"Sokoni."
Akainuka gizani, akaenda kupapasa
kama mkoba ungali mahali pake.