Mgeni wa Mipapai

Walianza wawili, mwezi wa mvua za kwanza.
Nilisikia mabawa kabla sijaona ndege:
fuu, fuu, fuu, kama mtu anayepepea jiko
juu ya mabati ya jirani yangu Cirhuza.
Nikatoka na mwiko mkononi, sombe ikiungua.

Weusi na weupe kama watawa wa misheni,
na juu ya mdomo, mdomo mwingine,
kofia ya pembe, mzigo wa bure.
Dume aliniangalia kwa jicho moja
kama karani wa komini anayepokea karatasi zako
akijua tayari kitakachokosekana.

Ansima akacheka. Nami nikacheka.
Hapa Nguba tumezoea mwewe na kunguru;
huyu ni mtu mzima, tukasema, amekuja kusalimu.
Hata Cirhuza alipanda ukuta kumpiga picha.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Ya tatu wakaja sita.

Siwezi kukueleza hondohondo anavyokula papai.
Hatafuni. Anatoboa shimo moja,
anarusha nyama juu, koo linafunguka, imekwisha,
na ganda linabaki mtini likining'inia
kama ndoo iliyotoboka.
Mapapai kumi na moja kwa wiki moja.
Kumi na moja! Nilikuwa nimeshayapa kazi:
hili daftari, hili viatu vya Ansima,
yale matatu ya chini, deni la sabuni kwa Mama Mweze.

Nikafunga chupa za plastiki; zikawapigia ngoma, wakala.
Nikavalisha matunda mifuko ya unga;
wakaivua taratibu kuliko mama anayemvua mtoto aliyelala.
Nikatundika shati la marehemu mume wangu
kwenye vijiti viwili, katikati ya mipapai.
Asubuhi walikuwa wamelikalia mabegani,
na mimi, Mungu anisamehe, niliingia ndani kulia,
si kwa ajili ya matunda.
Upepo ulikuwa umeingia. Shati lilikuwa na kifua tena.

Cirhuza alisema: manati. Ana mkono mzuri.
Mdogo wake, anayeleta makala kutoka upande wa Kahuzi,
akasema: mti wao ulikuwa mmoja, mkubwa,
wenye shimo la kuingia kichwa cha mtu.
Tuliukata mwezi wa saba.
Jike huingia humo, hujiziba kwa udongo,
hubaki na ufa mwembamba kama wa kibubu,
na dume humlisha hapo, wiki kwa wiki,
asipokuja, basi.
Aliyasema haya akishusha gunia jikoni kwangu.
Nikalipa. Siku hiyo sikupunguza bei.

Kuna jambo silisemi mbele ya watu.
Siku zile za risasi, mimba ikiwa ya miezi minane,
alinifungia chumba cha nyuma, akasukuma kabati mlangoni,
akakaa yeye upande wa barabara.
Chakula kilipita juu ya mlango, penye pengo:
viazi, maji ya chupa, na siku ya nne papai,
limekatwa nyembamba ili lipite.
Vidole vyake vilikuwa na utomvu.

Lakini papai ni papai, na ada ya shule ni ada.
Mwalimu mkuu hapokei hadithi za ndege.

Leo amekuja mmoja tu. Cirhuza yuko juu ya ukuta,
manati imevutwa, ananitazama anisubiri nitikise kichwa.
Nimemwuliza habari za meno ya mkewe.
Ndege ameondoka na mlio wake wa jiko,
kaelekea mlimani, mdomo umejaa.

Papai la kumi na mbili limeanza manjano upande wa ziwa.
Nimelifunga kwa kitambaa changu cha kanisani.
Fundo sijalikaza.