Lita Kumi za Njano

Theluji ilikuwa imezidi kimo cha kibanda cha basi
nilipoliingiza gari kituoni kwa Bi Kurosaki,
Februari, mjini Nayoro, kaskazini ya Hokkaido,
asubuhi ya baridi inayokifanya hata chuma kulia.

Gari nilikuwa nimelinunua Jumanne.
La marehemu Hiramoto, fundi wa nguzo za umeme:
milango miwili, zambarau iliyochoka,
na chini ya boneti, turbo,
konokono wa chuma anayekunywa moshi na kutema upepo.
Nilikuwa na miaka ishirini na yeni elfu mbili.

Mipini mitatu ilining'inia:
wa kijani wa dizeli, mwekundu wa petroli ya kawaida,
na wa njano, wa bei mbaya.
"Nyekundu," nikasema, "mpaka pesa iishe."

Hakujibu. Akainama, akatega sikio kwenye boneti,
bibi wa miaka sabini na glavu za mpira,
kama mkunga asikilizavyo tumbo.
"Hili nalijua. Miaka kumi na tisa nimelinywesha njano.
Hiramoto alikuwa bahili, majani ya chai akiyahesabu,
ila hapa hakuwahi kuuliza bei."

Nikamwambia nguvu sizitaki, naenda kazini tu.
Akacheka, mvuke ukamtoka.
"Nani kakwambia njano ni nguvu?
Njano ni subira.
Turbo yako inashindilia hewa silindani
kama mimi ninavyoshindilia figili pipani, jiwe juu,
inabana, inabana, joto linapanda,
na petroli yenye pupa haingoji plagi itoe amri.
Inalipuka pistoni ikiwa bado njiani.
Utasikia ti-ti-ti, kama kokoto kwenye kopo.
Huyo ni mgeni anayegonga mlango
kutokea ndani."

Nyuma yangu mwalimu wa chekechea alikuwa akingoja,
kigari chake kimejikunyata kama kisanduku cha chakula.
Naye akaomba njano;
leo, alisema, kigari kinatimiza miaka mitano.
Bi Kurosaki akamkatalia vilevile:
"Chako hakishindilii kitu. Utakuwa umenunua rangi.
Hiyo tofauti wanunulie watoto soksi."

Nikawaza: biashara gani hii inayofukuza fedha?

Kisha akafungua kifuniko cha tangi langu.
Stika ya kiwandani ilikuwa imekufa kwa jua na chumvi,
na juu yake, kwa wino, mwandiko wa mtu
aliyezoea kuandika akiwa amening'inia nguzoni:
*Njano tu. Tafadhali.*

"Nikikuwekea nyekundu halitakufa leo," alisema.
"Kompyuta ikisikia kugonga itachelewesha cheche,
utapanda kilima kama mtu aliyevaa viatu vya mwanawe.
Lakini masikio ya gari hili yana miaka ishirini na tisa,
yangu yana sabini.
Usiyategemee yote mawili."

Lita kumi. Mshale ukapanda hadi robo, ukachoka.
Akanirudishia yeni ishirini, sarafu mbili,
akazipangusa kwanza kwenye aproni.
"Robo inakufikisha Shibetsu na kurudi.
Kesho njoo na robo nyingine."
Na kwa kuwa sikuondoka:
"Nenda, mwalimu anachelewa."

Barabara ilikuwa nyeupe na mbingu nyeupe.
Nikakanyaga kidogo, nikasikia ule mluzi mwembamba,
kama mtu anayekumbuka jina lako taratibu,
na mgongo wangu ukaegemea kiti bila mimi kuutuma.

Halafu: ti-ti-ti.

Nikasimama pembeni, nikafungua boneti katikati ya upepo,
nikainama kama yeye, nikatega sikio.
Kimya. Joto zuri usoni. Hakuna kitu.
Nikaondoka. Ti-ti-ti.
Nikasimama tena.

Mara ya tatu ndipo nilipoziona,
zile sarafu mbili, kwenye kisahani cha majivu cha Hiramoto,
zinacheza.