Kitufe Kilichonasa

Waliniita Jumanne, stendi ya mabasi ya Tacuarembó,
baridi ya Julai imekaza, vioo vinatoka jasho.
"Kitufe kinanasa," meneja alisema, akatazama pembeni.
Nikajua kuna jambo.

Kipaza sauti chenyewe cha kizamani, kitako kizito,
shingo ya chuma yenye mikunjo, ya bata bukini,
imepindwa miaka kumi na tisa kufuata mdomo mmoja:
wa Nélida Etcheverry, mfupi, miwani yake ya kamba.
Ukiinyoosha inasubiri kidogo, kisha inarudi chini
ilikozoea.

Nilifungua skrubu nne. Chini ya springi,
majani ya mate (ndilo jina la kinywaji chao, msicheke)
yameganda kama tope, na chembe ya biskuti.
Basi. Hayo tu ndiyo yaliyomvua nguo.

Maana Ijumaa, saa moja na nusu jioni,
alitangaza basi la Rivera, njia ya nne,
akaachia kitufe, nacho hakikuachia.
Spika kumi na mbili, hadi chooni, zikamsikia na dada yake kwenye simu:
Leo Mama ameniita bibie. Ameniuliza kama nimelipwa.
Nimemwambia ndiyo, mama, nimeshalipwa.
Halafu akapenga kamasi, na paa likapenga naye.

Dereva wa Rivera alizima injini.
Muuza pai akashika koleo hewani.
Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekwenda kumwambia pia,
na hilo mpaka leo sijui niliite adabu au woga.
Mchukuzi Olegario ndiye aliyeingia,
akakibinua kwa ukucha, akatoka bila neno.

Nikasafisha. Nikapima: moja, mbili. Moja.
Kichwani mna sumaku na waya mwembamba uliosokotwa;
hakiombi umeme ili kisikie, pumzi yako inakitosha.
Ila ukae karibu. Ya mbali hakiyajui.

Niliyasema haya kwa sauti, mazoea ya fundi,
kumbe amesimama mlangoni na koti lake.
"Karibu kiasi gani?"
Vidole viwili kutoka mdomoni.
Akavipima hewani, vidole vyake mwenyewe.
"Na Mama naye," akasema, "labda nilikuwa nasimama mbali."

Kisha akaketi, akaivuta shingo iliyokuwa tayari pale,
akatangaza la saa tano kwenda Paysandú.
Nje watu wakainua vichwa,
hata wasiosafiri.