Mwigizaji Nampima kwa Bukari

Mwigizaji mimi nampima kwa bukari.
Sijali bunduki yake, sijali gari lake.
Mpe sahani, mketishe, mwache ale.
Akidonoa kama kuku anayechagua punje,
akiacha tonge lipoe huku anatangaza mapenzi,
huyo hajawahi kushinda na njaa,
na simwamini tena
hata akifa kwa risasi kumi.

Banza, fundi redio, tunayegawana naye ukuta hapa Katuba,
anasema mimi ni mchawi wa filamu, kila shujaa namroga.
Yeye anampenda yule wa Damu Haina Risiti,
kifua kama mlango wa benki,
anaruka kutoka paa hadi paa
na shati halichomoki kwenye suruali.
Shati, Banza!
Mimi ni fundi cherehani.
Najua shati linavyofanya
ukinyoosha mkono kuchukua chumvi tu.

Waigizaji wangu hawana majina.
CD tunazinunua Kenya (komini ya hapa kwetu, si nchi),
nakala ya nakala ya nakala,
filamu inaanza katikati ya sentensi
na kuisha kabla ya orodha ya watu.
Basi nimewabatiza mwenyewe:
Shavu-Moja. Mama Kimya. Na Bwana Samahani,
ambaye katika filamu nne nilizomwona
kazi yake ni kufungua mlango na kusema mkubwa hayupo,
na kila mara anasema
kama mtu aliyelipwa nusu mshahara
na anayejua vizuri sana mkubwa yuko wapi.
Nipeni filamu nzima ya Bwana Samahani.
Nitalipa, tena mbele.

Lakini mnaniuliza iliyo bora.
Mke wa Mlinda Reli.
Haina ngumi hata moja. Picha inatetemeka,
sauti inafika baada ya midomo kufunga.
Wanakuja wanaume wawili, kofia mikononi,
kumwambia mumewe amekufa.
Nikajiandaa. Nilijua sasa atapiga mayowe,
atajitupa chini kwa uangalifu asiharibu nywele,
na vinanda vitakuja mbio kumsaidia.

Mama Kimya akawatazama.
Akageuka, akaanza kutafuta mfuniko wa sufuria.
Chini ya meza. Nyuma ya mlango.
Akainua hata mto wa kiti.
Mfuniko ulikuwa mkononi mwake.

Banza akacheka: "Huyu hajui kulia."

Sikumjibu.
Siku walipotuletea habari ya baba kutoka mgodini
mama alihesabu vijiko.
Alifika kumi na moja, akaanza upya,
akafika kumi na moja, akaanza upya,
na shangazi zangu wakanong'ona: moyo wa jiwe.
Nilikuwa na miaka tisa. Niliwasadiki shangazi.
Niliwasadiki miaka ishirini na mitatu,
hadi mfuniko ule.

Umeme ukakatika papo hapo.
Mtaa mzima ukaguna kwa kinywa kimoja
kama mpira uliogonga mwamba wa goli.
Gizani Banza akanitungia mwisho:
mume hakufa, anarudi na begi la pesa,
anamnunulia mkewe sufuria mpya, yenye kioo juu.
Nilimwambia anyamaze. Alinyamaza, na hilo
kwa Banza ni heshima kubwa.

CD ilikwama ndani ya mashine, ikatoka na mkwaruzo.
Sasa haivuki pale: anainama, anainama, anainama,
mto wa kiti unapanda, unashuka.
Nimeiweka kwenye kopo la vifungo.

Muuza CD anasema anayo nyingine, safi, hadi mwisho.
Kila Jumamosi ananiita kwa mkono.
Napita upande wa pili wa barabara.
Naogopa kwamba katika picha inayofuata
mwongozaji alimwamuru alie.