Karatasi Kwenye Tundu la Hewa

Mfagia dohani alikuja Januari,
kofia nyeusi, vifungo vya shaba, theluji kwenye viatu.
Ngazini Bi Genowefa wa ghorofa ya pili
akashika upesi kifungo cha koti lake, apate bahati:
hapa Łódź ndivyo tufanyavyo tukimwona mfagia dohani.
Nami nilishika changu,
ingawa bahati niliyoitaka ni ndogo tu:
jiko langu lisinuke kabichi ya mtu mwingine.

Maana kila Alhamisi, saa kumi na moja jioni,
tundu la juu ya jiko, badala ya kuvuta, hupuliza.
Kwanza siki. Kisha uyoga mkavu uliolowekwa,
kisha nyama ya kukaushwa kwa moshi,
na mwisho, saa mbili usiku, kabichi yenyewe,
chachu, nene,
inaingia bila hodi, inapanda mapazia,
inalala ndani ya sweta zangu hadi Jumatatu.
Wahenga walisema kibaya chajitembeza.
Hawakusema kwamba hupanda ghorofa bila lifti.

Nililiziba tundu kwa utepe wa gundi.
Moto wa gesi ukageuka njano, kichwa kikaniwia kizito,
nikaubandua.
Nilinunua mashine ya kufyonza moshi, zloti mia sita na tisini.
Ikanguruma kama trekta,
ikanirudishia kila kitu.

Mfagia dohani alichana karatasi nyembamba,
akaisogeza kwenye wavu.
"Ikinata, nyumba inapumua."
Haikunata. Ilipepea kunijia usoni.
Akafungua dirisha: karatasi ikaurukia wavu, ikang'ang'ania.
"Madirisha yako haya mapya, mama, yanabana mno.
Umeikaba nyumba koo. Acha wazi kidogo,
upana wa kidole."
Nikatia sahihi fomu yake, akaenda zake.
Nje, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.

Basi nikashuka kwa Mzee Zenobiusz mwenyewe,
maneno nimeyanoa.
Alifungua mlango, mwiko mkononi, miwani ina ukungu,
akaniwahi:
"Wewe ndiye wa ghorofa ya nne.
Maziwa yako huungua Jumapili.
Na vitunguu hujakaanga tangu Oktoba."

Oktoba.
Ireneusz alihama tarehe tisa,
na masanduku mawili na kile kikaango kizito.
Sikumwambia mtu. Hata dada yangu
nilimwambia yuko safarini.
Tundu ndilo lililotoboa siri.

Maneno yangu yakabaki alani.
Nilisema usiku mwema, au kitu kama hicho.
Bakuli alilonipa sikulipokea;
kabichi chachu siipendi, hata leo siipendi,
na Alhamisi bado ni Alhamisi.

Lakini usiku ule nilimenya vitunguu viwili,
nikatoa kikaango chembamba kilichobaki,
nikafungua dirisha upana wa kidole.
Baridi ikanishika vifundo vya miguu.
Karatasi ikainuka, ikasita,
ikanata kwenye wavu,
na mafuta yakaanza kulia.